Kokushubila na Kitabu cha Ukoo Kilichojiandika

Kokushubila ni mtoto wa marehemu kaka yangu. Akili zote alizonazo zimetoka upande wetu; sura amechukua kwa mama yake, na kwa hilo tumshukuru Mungu sote. Ana chumba kimoja Miembeni, hapa Bukoba mjini, kati ya duka la vitenge na fundi viatu. Ndani mna kompyuta, printa mbili, mashine ya fotokopi inayokohoa kama mimi asubuhi, na benchi la wateja. Kazi yake ni kuchapa. Kwa miaka kumi na tisa amechapa barua za kuomba kazi, mikataba ya kuuziana ng'ombe, ratiba za ubatizo na wasifu wa marehemu. Ukizikwa kati ya Bukoba na Muleba bila karatasi ya Kokushubila, jua wanao hawakukupenda sana.

Watu husema masista ndio waliomfundisha. Sawa, walimfundisha. Lakini nani alimpakia kwenye baiskeli alfajiri, na sanduku lake la bati, kutoka kwetu karibu na Rubya hadi penye basi? Mimi, Julius, mwenye darasa la saba na mihula miwili ya sekondari. Muhula wa tatu shule ilishindwa kuendelea na mimi.

Kilichompa jina mjini ni kwamba hakosei. Akimaliza kuchapa huanza kusoma kutoka neno la mwisho kurudi la kwanza, akilitazama kila neno peke yake kama mtu anayechambua maharage. Anasema ukisoma kwa kwenda mbele maana inakubeba, kosa linapita chini yako. Wakili mmoja wa Bilele aliwahi kumwambia kwamba karatasi ikitoka kwake haisomi tena, anatia saini tu. Koku alinisimulia hilo mara moja. Mimi nimelisimulia mara mia tatu.

Hakuolewa. Kaka yake alipofariki aliacha binti mdogo, Jovina, na Koku akamchukua akamlea. Kwetu shangazi ndiye mwenye mamlaka juu ya binti anayeolewa: humfunda, humvika, humsindikiza. Kwa hiyo Jovina alipomleta Wilbert wa Nshamba, mwalimu wa hesabu, mpole, mwenye masikio makubwa kidogo, aliyemtazama kwanza ni Koku. Alimpenda. Mimi nilimwambia Jovina, kama babu anavyopaswa kumwambia mjukuu wake wa kike, kwamba ananiacha mimi mumewe halali kwa ajili ya masikio. Akanijibu kwamba masikio hayo angalau yanasikiliza.

Sasa, kwetu posa haipokelewi mpaka ukoo ukae. Kila ukoo una mwiko wake, na wetu una sheria moja zaidi: binti yetu haolewi na mtu ambaye bibi yake alitoka kwetu. Zamani wazee walikuwa na mambo haya kichwani. Kichwa kikubwa kuliko vyote kilikuwa cha katibu wa ukoo, marehemu baba yake Mzee Kaijage anayetuongoza sasa. Katibu huyo aliandika mabinti wote walioolewa nje katika madaftari ya shule. Yule mzee alipokufa, madaftari yakaanza kuliwa na mchwa. Koku akayachukua na kuyachapa yote, kurasa mia na arobaini. Nusu mwaka mzima alisoma kinyumenyume. Madaftari yenyewe baadaye yakawa unga. Kikabaki Kitabu cha Ukoo, ndani ya kompyuta yake.

Hapo ndipo alipoingia Clavery, kijana wetu aliyesoma chuo na asiyeweza kuona kitu kimetulia bila kukitia mota. Alisema kutafuta majina katika kurasa mia na arobaini ni kazi ya karne iliyopita. Akaweka programu ndani ya kitabu chenyewe. Ukifungua ukurasa wa kwanza unaona kitufe cha kijani. Unaandika jina la binti na jina la mchumba, na la baba na babu wa mchumba, unabonyeza, kitabu kinajibu: hakuna mwiko, au mwiko upo. Wazee walipiga makofi. Mimi nilikijaribu kwa jina langu na la muuza samaki wa sokoni, kikasema hakuna mwiko. Mke wangu hakucheka.

Kasoro ilikuwa moja tu. Kila ukikifungua, juu ya ukurasa ulitokea utepe wa njano wenye maneno ya Kizungu, na usipobonyeza kuruhusu, kitufe cha kijani hakifanyi kazi. Siku moja Mzee Kaijage alikuja Miembeni na kofia yake na fimbo yake, akaketi mbele ya kompyuta kama mtu anayeketi mbele ya mkuu wa wilaya. Utepe ukatokea. Akataka kujua unasema nini. Koku, ambaye hajui kudanganya hata kwa faida yake, akamfasiria: mashine inauliza kama waraka huu umetoka kwa mtu wa kuaminika.

"Inaniuliza mimi?" akasema Mzee Kaijage.

Koku akaeleza kwamba inamuuliza kila mtu.

"Kitabu cha baba yangu. Nimekaa hapa mimi mwenyewe. Na chombo kinauliza kama tunaaminika."

Akavaa kofia. Nilikuwepo kwenye benchi, nikashindwa hata kufanya mzaha, na hilo si jambo dogo. Kwetu mgeni akifika humuulizi anatafuta nini. Unamkaribisha, unampa kahawa ya kutafuna, habari zitakuja zenyewe. Kumuuliza mkubwa mlangoni kama ni mtu mwema ni sawa na kumfungulia mbwa. Koku aliona aibu mpaka masikio yakawa ya moto. Wiki ileile akamwita Clavery, wakaingia kwenye mipangilio ya mashine na kuiambia isiulize tena. Iruhusu zote. Utepe wa njano ukafa, na Mzee Kaijage aliporudi alipokelewa kwa heshima na kompyuta.

Ikapita miezi kadhaa.

Mwaka jana, mwezi wa nane, ukoo ulitaka kumjibu Wilbert. Mzee Kaijage akaja mjini, akaandikiwa majina, akabonyeza kitufe. Kitabu kikajibu kwamba mwiko upo. Wakafungua ukurasa wenyewe, na pale palikuwa pameandikwa: Consolata binti Karugendo, aliolewa na Rwechungura wa Nshamba. Rwechungura wa Nshamba ndiye babu yake Wilbert.

Mzee aliomba ukurasa ule uchapwe kwenye karatasi, akaukunja mara nne akautia mfukoni. Akasema ukoo utakaa Jumamosi ya wiki inayofuata, lakini hakuna sana la kuzungumza. Hakuwa na ubaya. Alimshika Koku bega wakati anatoka.

Mtu atauliza, si wangeenda Nshamba wakaulize? Walikwenda. Rwechungura yule alikuwa na wake watatu, na mama yake baba yake Wilbert alifariki mtoto akiwa hajaanza kutambaa. Hakuna aliye hai anayemkumbuka vizuri. Wengine walisema jina lake lilikuwa la Kihaya tu, wengine walisema alibatizwa. Consolata wetu naye aliolewa zamani, akafa bila kuacha mtoto wa kumtaja. Mimi nilisema waziwazi kwamba ninakumbuka Consolata alikwenda Muhutwe, kwa sababu nilikula pilau ya kwanza maishani mwangu siku hiyo. Wakacheka. Mwaka uliotangulia nilikuwa nimewaambia nimeona kiboko amekaa benki ya mjini akisubiri foleni, kwa hiyo siwalaumu.

Koku hakucheka. Alinifuata nje akaniuliza kama nina hakika. Nikamwambia kiboko nilitia chumvi, pilau ni kweli. Akasema yeye pia anakumbuka aliandika Muhutwe. Halafu akasema labda anazeeka.

Jovina hakulia mbele yetu. Alirudi Bilele anakofanya kazi ya maabara, akawa anampigia shangazi yake kila jioni na kuzungumza mambo ya mvua. Koku ndiye aliyekuwa anakonda. Kwa sababu fikirini: kitabu ni yeye aliyekichapa, na bwana harusi ni wa binti yake. Akisema kitabu kimekosea, kila mtu atasema amekiinamisha upande wake. Akinyamaza, Jovina anampoteza Wilbert kwa neno moja.

Jumanne akaja Haruni, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, mtu mpole ambaye hasemi sana. Akaweka karatasi mezani. Ilikuwa ratiba ya msiba wa jirani yake ambayo Haruni alisaidia kuiandaa. Alimwomba radhi Koku kwanza, kisha akaonyesha kwa kidole. Iliandikwa kwamba saa nane mchana marehemu atatoa neno la shukrani, na msemaji wa familia atazikwa.

Mimi niliyekuwa kwenye benchi nilicheka mpaka nikatoka nje. Niliporudi Koku alikuwa ameshika karatasi ile kwa mikono miwili, mweupe kama unga wa muhogo. Alisema aliisoma kinyumenyume. Aliisoma, akaihifadhi, mteja akarudi kesho yake, akaifungua na kuichapa. Hakuigusa katikati.

Akampigia Yasmin.

Yasmin ni binti wa Shaban, yule wa mashine za kusaga, na hutengeneza kompyuta nyumbani kwao. Alikuja na begi lake, akaketi, akafanya kazi saa nzima. Mimi nilimsaidia kwa kumweleza historia ya umeme wa Bukoba. Mwisho akamgeukia Koku.

"Mama, nani alizima ule utepe wa njano?"

Koku akasema ni yeye mwenyewe.

Yasmin alieleza taratibu, na ninaeleza kama nilivyoelewa, maana nilielewa haraka kuliko wote. Karatasi ni kitu cha kulala. Unaisoma, haikufanyi kitu. Lakini hizi programu za kuandikia nyaraka zina uwezo wa kubeba programu nyingine ndani ya waraka. Yasmin anaziita makro. Waraka wenye makro si karatasi tena, ni mtu. Ukiufungua unaamka, na unaweza kufanya kila unachoweza kufanya wewe katika mashine yako: kusoma barua zako, kuzifuta, kuziandika upya, hata kutuma nyingine kwa jina lako. Utepe wa njano ni mlinzi anayeuliza kama mtu huyu aamshwe. Koku alimfukuza mlinzi. Kwa siku anaingiza flashi hamsini za watu. Yasmin alimwonyesha: kwenye moja, iliyoingia mwezi wa sita, ilikuwemo kalenda yenye maua pembeni, nzuri, haijulikani nani aliileta, na ndani yake alikuwemo mgeni. Mgeni akajinakili kwenye kiolezo ambacho kila waraka wa mashine hii unaanzia. Tangu hapo, kila Koku anapofungua waraka, mgeni anachukua maneno mawili, au mafungu mawili ya maneno, na kutia kila moja mahali pa jingine. Kisha anakaa kimya.

"Huyu ni mtundu tu," Yasmin alisema. "Mwingine angefuta vyote."

Clavery, aliyekuwa ameitwa naye, akaanza kujitetea kwamba programu yake ya kitufe ni safi. Yasmin akakubali kwamba ni safi. Akasema tatizo ni kwamba iliwazoesha kubonyeza kuruhusu, kila siku, bila kutazama nani anayeomba. Clavery akatazama viatu vyake. Nikaona ni wakati mzuri wa kumwambia kwamba mimi sikuwahi kukipenda kile kitufe, lakini Koku akanikumbusha habari za muuza samaki.

Yasmin akasema kusafisha ni kazi ya nusu siku. Atasafisha, utepe utarudi, na hakuna mtu mjini atakayejua kilichotokea. Alisema hivyo kwa wema. Nami nikashauri hivyohivyo, nakiri. Nilimwambia Koku arekebishe Consolata, arekebishe ratiba, afunge mdomo. Jina la miaka kumi na tisa halitupwi hivi.

Koku aliichukua tena ratiba ya Haruni, akaisoma. Kisha akasema kwamba Mzee Kaijage ana karatasi mfukoni inayosema Nshamba. Kitabu kikisema Muhutwe ghafla, itakuwa ni yeye amekibadili. Hakuna njia ya kusema kitabu kilibadilishwa na mashine, isipokuwa kwa kuonyesha kwamba mashine ilibadili kila kitu.

Jumatano mpaka Ijumaa alizunguka mji kwa miguu. Kwa kila mteja aliyemkumbuka alibisha hodi, akaomba radhi, akaomba karatasi yake aiazime. Wengine walikuwa hawajaona kosa lolote mpaka yeye alipowaonyesha. Yule wakili wa Bilele alisoma ya kwake pale pale mlangoni, akaondoa miwani, akamwambia kwamba kuanzia leo atasoma kabla ya kutia saini. Hakumtukana. Koku aliniambia afadhali angemtukana.

Jumamosi tulikwenda nyumbani kwa Mzee Kaijage, juu kidogo ya Rubya, tukaketi sebuleni kwake watu kumi na wanane, wanaume kwenye viti, wanawake kwenye mikeka. Kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna kikazunguka. Mzee akakunjua karatasi yake akasoma mstari wa Consolata. Akasema, kwa masikitiko, kwamba kitabu kimesema.

Koku akapiga magoti kwenye mkeka, kama anavyopaswa mbele ya wakubwa, na furushi lake la karatasi mapajani. Akaanza kusoma. Alisoma ile ya msiba. Alisoma ratiba ya kipaimara, ambamo watoto wangepakwa mafuta na msimamizi wa pikipiki wakati baba askofu akiongoza maegesho. Alisoma mkataba ambamo ng'ombe amemuuza Bwana Avit, mwenye afya njema na pembe mbili, kwa hiari yake. Avit mwenyewe alikuwepo. Watu walijaribu kujizuia, heshima ya kikao, lakini kufikia pembe mbili hata mke wa Mzee Kaijage alijifunika uso kwa kanga. Koku hakucheka wala hakupumzika. Alisoma karatasi ishirini na saba. Baada ya kumi hivi kicheko kiliisha chenyewe, watu wakaanza kumtazama.

Alipomaliza alisema: "Zote zimetoka kwangu. Nilifungua mlango wa mashine yangu, kitu kikaingia, na tangu mwezi wa sita kila nilichowapa kinaweza kuwa na uongo. Na kitabu kimo humo. Sisemi Consolata aliolewa Muhutwe. Nasema msiniamini mimi wala kitabu, nendeni mkatazame."

Mtu mmoja nyuma akauliza kwa nini alifungua mlango huo, yeye msomi.

Koku akajibu kwamba ni uzembe wake.

Nilimtazama Mzee Kaijage. Alikuwa ameshika fimbo kati ya magoti. Angeweza kunyamaza, na Koku asingemtaja hata leo, namjua. Kisha mzee akasema, bila kumtazama mtu:

"Si uzembe. Mashine iliuliza swali la haki. Mimi ndiye niliyekasirika."

Akaeleza yote, kofia na fimbo na kila kitu, pole pole, kama mtu anayetoa mwiba mguuni mwake mwenyewe. Akasema alidhani kuulizwa ni kudharauliwa. Akamwambia Koku ainuke akae kwenye kiti. Akaamua watu watatu waende Muhutwe Jumatatu: Koku, Avit kama shahidi wa ukoo, na mimi, kwa sababu ya pilau. Clavery akaagizwa akiondoe kitufe cha kijani ndani ya kitabu, kibaki karatasi, na anayetaka kujua asome.

Kabla hatujaondoka Jumatatu, Koku alibandika tangazo mlangoni kwake, la mkono, si la kuchapa: karatasi zote zilizotoka hapa tangu mwezi wa sita zirudishwe zichapwe upya bure. Fundi viatu alimwambia anajiua kibiashara. Kweli wapo waliohamia kwa mchapaji wa jirani, na baadhi yao mpaka leo hawajarudi. Koku aliweka pia kompyuta ya pili, kuukuu, isiyo na kitu ndani. Flashi za wageni huanzia huko, utepe wa njano umewashwa, na mkubwa kwa mdogo anaulizwa.

Muhutwe tulifika saa tano. Tuliuliza kwa Rwechungura, tukaonyeshwa wawili, kwa kuwa jina hilo kule halina upungufu. Kwa wa pili, mwanamke mmoja aliyekuwa akimenya ndizi alituongoza mpaka nyuma ya migomba, penye makaburi matano. La nne lilikuwa na msalaba wa saruji uliokwishaota kuvu. Avit alikwangua kwa panga, taratibu. Maandishi yalikuwa yamechorwa kwa mkono saruji ilipokuwa mbichi.

Nilitaka kuwakumbusha habari ya pilau, nikaona nisubiri angalau tukiwa barabarani.

Koku alitoa daftari na kalamu ya risasi, akaniambia nisome. Nikasoma: Consolata, binti Karugendo, mke wa Rwechungura. Akaandika. Akaniambia nisome tena, kuanzia mwisho. Nikasoma kuanzia mwisho. Akaniambia sasa herufi moja moja, nikamwambia jua linawaka na mimi ni baba yake mdogo, si karani wake.

"Soma, baba mdogo," akasema.

Nikasoma. Alipoandika herufi ya mwisho alimpa Avit daftari atie saini, akajifuta mikono kwenye sketi, akatoa simu. Jovina alipokea mara ya kwanza tu ilipoita.

"Mwanangu," Koku akasema, "ni Muhutwe. Nimelala kaburini kwake nimeinama nasoma mwenyewe. Mwambie Wilbert alete wazee wake."

Hakuwa amelala, alikuwa amechuchumaa, na aliyesoma ni mimi. Sikumsahihisha.